Nimetumia faili za mipaka za Sensa na data ya matokeo ya MIT kurekodi wilaya za Kongresi ya Marekani: nyota ngapi?

Naanza na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo: faili za mipaka za Ofisi ya Sensa ya Marekani, zile zinaitwa TIGER/Line, nazipa nyota nne na nusu kati ya tano. Data ya matokeo ya Bunge la Wawakilishi inayotolewa na maabara ya data za uchaguzi ya chuo cha MIT naipa nyota nne. Zote bure, hamna kujisajili kwa kadi ya benki, na ukizitumia pamoja kwa uangalifu unapata rekodi ya wilaya ambayo mtu mwingine akiikagua anafika kwenye jibu lile lile. Ila zina mitego, na mitego yenyewe ndo imenifanya niandike marefu hivi, kwa sababu naona watu wengi wanazitumia vibaya halafu kosa linasambaa.

Mi shughuli yangu ni kuandika kwa Kiswahili habari za wilaya za Kongresi moja baada ya nyingine, inaanzia wapi inaishia wapi, nani alishinda mwaka gani na kwa kura ngapi. Wanaosoma ni watu wenye ndugu kule, wengine wameshapata uraia na wanapiga kura, na swali lao mara nyingi ni moja tu, mbunge wetu ni nani na alishinda kwa kiasi gani. Linaonekana swali dogo lakini jibu likikosewa mtu anampigia simu mbunge asiye wake kuhusu karatasi za mama yake, na ofisi inamwambia samahani wewe si wa kwetu. Kwa hiyo usahihi kwangu si mapambo.

Kwanza msingi kidogo kwa wasiojua. Bunge la Wawakilishi lina viti 435, idadi hiyo ipo tangu 1913 ukiacha kipindi kifupi Alaska na Hawaii zilipoingia ikapanda hadi 437 halafu ikarudi. Kila baada ya miaka 10 sensa inafanyika, viti vinagawanywa upya kwa majimbo, kisha kila jimbo linachora wilaya zake. Sensa ya 2020 ilitoa wastani wa watu 761,169 kwa kila wilaya. Texas ikapata viti viwili zaidi ikafika 38, California ikapoteza kimoja ikabaki na 52, New York ikapoteza kimoja kwa upungufu wa watu 89 tu, yaani wangehesabiwa watu 89 zaidi kwenye jimbo zima wangebaki na 27. Majimbo sita yana mbunge mmoja tu, Alaska, Delaware, North Dakota, South Dakota, Vermont na Wyoming, hapo wilaya ni jimbo lenyewe na kazi ya mipaka inakuwa rahisi sana.

Sasa TIGER/Line. Kinachonifurahisha zaidi kuliko vyote ni jina la faili. Ukidaunlodi faili ya wilaya utaona imeandikwa cd116 au cd118 au cd119, na hiyo namba ni ya Kongresi yenyewe, maana kila muhula wa miaka miwili una namba yake. Cd118 maana yake ni mipaka iliyotumika kuchagua Kongresi ya 118, ile iliyochaguliwa Novemba 2022 ikaanza Januari 2023. Wanaweza wasionekane wamefanya kitu kikubwa lakini wamekubali ukweli ambao tovuti nyingi za ramani zinaukwepa, kwamba wilaya bila tarehe haijulikani ni ipi. Ukiniambia "wilaya ya 2 ya Iowa" sijui unaongelea watu gani mpaka uniambie mwaka.

Na Iowa ni mfano mzuri tuanze nao. Mwaka 2020 Mariannette Miller-Meeks alishinda wilaya ya 2 dhidi ya Rita Hart kwa kura 196,964 kwa 196,958, yaani kura sita, katika watu karibu laki nne waliopiga. Mwaka huo huo Ashley Hinson alishinda wilaya ya 1. Ikaja mipaka mipya, na 2022 Miller-Meeks akagombea wilaya ya 1 na Hinson wilaya ya 2. Wamebadilishana namba. Sasa mtu anayejaza jedwali kwa kufuata namba tu atasema wilaya ya 2 ya Iowa ilikuwa ya kura sita mwaka 2020 halafu miaka miwili baadaye ikawa ngome ya chama cha Republican, ataanza kutafuta sababu za kisiasa, mchumi ataitwa, na wakati huo wote hakuna kilichotokea zaidi ya mipaka kuchorwa upya na namba kuhama. Ile wilaya ngumu imeendelea kuwa ngumu, 2024 Miller-Meeks alishinda wilaya ya 1 kwa tofauti isiyofika kura 1,000.

Pennsylvania ni mbaya zaidi. Tarehe 22 Januari 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta ramani nzima kwa kusema imechorwa kupendelea chama kimoja, ile ramani iliyokuwa na wilaya ya 7 yenye umbo la ajabu watu wakaifananisha na wahusika wa katuni, Goofy anampiga teke Donald Duck. Tarehe 19 Februari mahakama ikatoa ramani yake. Lakini kulikuwa na uchaguzi mdogo wilaya ya 18 tarehe 13 Machi, na huo ukafanyika kwa mipaka ya zamani, ile iliyokwisha kufutwa, kwa sababu ulikuwa wa kujaza kiti kilichokuwa wazi katika muhula uliokuwa unaendelea. Conor Lamb wa chama cha Democratic akamshinda Rick Saccone wa Republican kwa kura zisizofika 1,000. Novemba mwaka huo huo Lamb akagombea wilaya ya 17 mpya akashinda. Namba 18 ikaenda jiji la Pittsburgh kwa Mike Doyle aliyekuwa wa wilaya ya 14, na sehemu kubwa ya ile 18 ya zamani ikawa 14 akachukua Guy Reschenthaler. Yaani ndani ya mwaka mmoja wa 2018 kuna "wilaya ya 18 ya Pennsylvania" mbili, zina watu tofauti na matokeo tofauti, na ukichanganya kwenye mstari mmoja umeharibu. Na kuanzia 2022 Pennsylvania ina viti 17, kwa hiyo wilaya ya 18 haipo kabisa, Pittsburgh sasa iko wilaya ya 12.

Ukiwa na TIGER/Line hili unalitatua bila kubahatisha. Uchaguzi wa Machi 2018 unauweka juu ya cd115, wa Novemba 2018 juu ya cd116, unaziweka mbili juu ya nyingine unaona kwa macho nani alihamishwa. Mi natumia QGIS, programu ya kuchora na kulinganisha ramani, nayo ni bure, na kompyuta yangu si ya maana sana lakini inabeba bila shida.

Sasa pale ambapo nusu nyota imekatika. Mfumo wa kupa faili jina la Kongresi una pengo, na pengo lenyewe liko North Carolina, jimbo ambalo kama unataka kujifunza kazi hii basi jifunzie hapo kwa sababu hakuna kitu hakijatokea. Hesabu na mimi. Uchaguzi wa 2012 na 2014 ulikuwa na ramani moja. Mahakama ya shirikisho ikakataa wilaya ya 1 na ya 12 kwa kuwa zilichorwa kwa kufuata rangi za watu, ikatoka ramani nyingine kwa 2016 na 2018. Halafu 2019 mahakama ya jimbo nayo ikaingilia kwa upendeleo wa chama, ikachorwa nyingine ikatumika 2020. Baada ya sensa mpya jimbo likawa na viti 14 na ramani ya 2022 ikatoka mahakamani. Bunge la jimbo likachora yake 2023 ikatumika 2024. Oktoba 2025 likachora tena. Matokeo yake yanafuata ramani kama kivuli: 2020 Republican 8 Democratic 5, 2022 saba kwa saba, 2024 Republican 10 Democratic 4. Wapiga kura ni wale wale kwa sehemu kubwa.

Tatizo ni kwamba faili ya TIGER/Line ya mwaka 2021 bado inaitwa cd116. Nchi nzima kwa sehemu kubwa hakuna shida kwa sababu mipaka ya 2018 na 2020 ni ile ile, lakini North Carolina ilikuwa imebadilika, kwa hiyo ukichukua matokeo ya Novemba 2020 ukayaweka juu ya cd116 pale utakuwa unapaka rangi wilaya ambazo hazikupiga kura hizo. Dawa ni kutumia orodha ya vitalu, nitaieleza sasa hivi, ila mtu mgeni hawezi kujua mpaka asome maelezo ya faili na wengi hatusomi maelezo. Ningependa onyo hilo liwe pale pale kwenye ukurasa wa kudaunlodi, kwa herufi kubwa.

Orodha ya vitalu ndo hazina kweli ya huduma hii na watu hawaijui. Sensa imegawa nchi nzima vipande vidogo vidogo, kila kitalu kina namba ya tarakimu 15: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za eneo la sensa, nne za kitalu chenyewe. Majimbo mengi siku hizi yakipitisha ramani yanapitisha orodha hiyo, kitalu hiki wilaya ya 3, kitalu kile wilaya ya 7. Kwa hiyo ukitaka kusema "mpaka unapita hapa" kwa uhakika, orodha ya vitalu inakusogeza karibu na sheria kuliko mchoro. Na Sensa wenyewe wanasema wazi kwenye maelezo yao kwamba mipaka yao ni kwa ajili ya takwimu, haina nguvu ya kisheria. Napenda ofisi inayokwambia mwisho wa mamlaka yake. Wao hawachori wilaya, wanapokea kutoka majimboni na kuweka kwenye mfumo mmoja, basi, na ukitaka kugombana kuhusu nyumba moja iko upande gani nenda kwenye sheria ya jimbo au amri ya mahakama.

Angalizo moja la kiufundi hapa na nalisisitiza kwa nguvu. Ukifungua orodha hiyo kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu ni maandishi, inageuza namba, Alabama ambayo ni 01 inakuwa 1, California 06 inakuwa 6, na tarakimu zinabaki 14, halafu unaunganisha na jedwali lingine hamna kinacholingana kwa majimbo ya mwanzo wa alfabeti. Weka safu iwe maandishi kabla hujaingiza data. Kabla, sio baada. Pia kuna namba za pekee, 00 ni jimbo lenye wilaya moja, 98 ni mwakilishi asiye na kura kama wa Washington DC, na ZZ ni maji au eneo ambalo halikupangiwa wilaya, hizo usizihesabu kama wilaya za kawaida maana jumla yako haitakuwa 435.

Maji pia. TIGER/Line inachora mpaka hadi ndani ya bahari na ndani ya Maziwa Makuu, ukiangalia Michigan unaona wilaya zimekuwa kubwa ajabu zinaingia ziwani hadi mpaka wa jimbo. Kwa kupima eneo au kuandika "wilaya hii ina ukubwa wa kilomita za mraba kadhaa" lazima utenganishe nchi kavu na maji, na faili ina safu mbili tofauti kwa ajili hiyo, ALAND na AWATER, kwa mita za mraba. Kwa ramani ya kuonyesha watu chukua zile faili nyingine za katografia, yaani za kuchorea ramani, zimekatwa ufukweni, zipo za kipimo cha 1:500,000 na nyingine za 1:5,000,000 na 1:20,000,000. Ya milioni 20 ni ya kuonyesha nchi nzima kwenye simu tu, usije ukaitumia kusema mtaa fulani uko wilaya gani, kona zimenyooshwa sana.

Kitu kingine kidogo, siku hizi wilaya wanazitoa jimbo kwa jimbo badala ya faili moja ya nchi nzima, kwa hiyo kama unataka zote unadaunlodi nyingi na kuziunganisha. Inachosha ila haiumi. Na Connecticut tangu 2022 Sensa imeacha kutumia kaunti 8 za zamani inatumia kanda 9 za mipango, ukiandika wilaya inagusa kaunti zipi angalia usije ukachanganya mifumo miwili.

Tuje kwenye matokeo. Data ya MIT ya Bunge la Wawakilishi inaanza 1976 na inakuja mpaka miaka ya karibuni, faili moja tu, kila mstari ni mgombea mmoja kwa chama kimoja katika wilaya moja mwaka mmoja. Kuna safu ya kusema kama ni uchaguzi mdogo, kama ni marudio, kama jina liliandikwa kwa mkono na mpiga kura, kura za mgombea na jumla ya kura. Kwa mtu aliyezoea kunakili namba moja moja kutoka kwenye PDF za majimbo 50 hii ni nafuu kubwa sana, nawashukuru kwa dhati waliokaa kuikusanya.

Nyota moja iliyopungua sehemu kubwa ni ugumu wa chaguzi zenyewe, lakini mtumiaji ndo anaumia kwa hiyo naikata. New York mgombea mmoja anaweza kusimama kwa tiketi ya vyama viwili au vitatu, na kila chama kina mstari wake kwenye karatasi ya kura. Claudia Tenney 2020 wilaya ya 22 alikuwa Republican na pia Conservative, kwenye data anaonekana zaidi ya mara moja. Ukichukua mstari wa juu tu unamkata kura. Lazima ujumlishe kwa jina, ndo unapata 156,098 dhidi ya 155,989 za Anthony Brindisi, tofauti ya kura 109, na shauri lile lilikaa mahakamani hadi Februari 2021. Katika wilaya yenye tofauti ndogo hivyo, kusahau kujumlisha kunakubadilishia mshindi. Na tena New York wanaweka kura tupu na zilizoharibika kwenye hesabu, utaziona kama mgombea anaitwa "blank", kwa hiyo asilimia inategemea umezitoa au umeziacha. Mi nazitoa, na naandika chini ya jedwali kwamba nimezitoa. Ukifanya kinyume sawa pia, ila andika.

Maine wana mfumo wa kupanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Wilaya ya 2 mwaka 2018 raundi ya kwanza Bruce Poliquin aliongoza, 134,184 kwa 132,013 za Jared Golden, hakuna aliyevuka nusu, chaguo za pili zikahesabiwa, Golden akamaliza na 142,440 dhidi ya 138,931. Rekodi sahihi ya wilaya ile inahitaji raundi zote mbili. Ukiandika ya kwanza tu msomaji anaona aliyeshindwa ana kura nyingi, ukiandika ya mwisho tu unaficha wagombea wawili huru waliotolewa. Jedwali lenye mstari mmoja kwa mgombea haliwezi kubeba hadithi hiyo, kwa hiyo Maine na Alaska siku zote naenda moja kwa moja kwa jimbo lenyewe.

Louisiana hadi 2024 wagombea wote wa vyama vyote walikuwa wanaingia pamoja Novemba, akikosekana wa zaidi ya nusu wanarudia Desemba. Florida mgombea asiye na mpinzani haandikwi kabisa kwenye karatasi, kwa hiyo hakuna kura za kuripoti, ukikuta sifuri au tarakimu ya ajabu pale usiigeuze kuwa asilimia 100 ya kitu, andika tu kapita bila kupingwa.

Halafu kuna ile ya North Carolina wilaya ya 9, 2018. Katika hesabu ya awali Mark Harris alimzidi Dan McCready kwa kura 905. Magazeti yakaandika mshindi. Lakini bodi ya uchaguzi ya jimbo ikakataa kuthibitisha kwa sababu ya udanganyifu wa kura za posta, hasa kaunti ya Bladen, na Februari 2019 ikaamuru uchaguzi mpya. Ukafanyika tarehe 10 Septemba 2019, Harris hakugombea, Dan Bishop akashinda. Sasa unaandika nini kwenye safu ya mshindi 2018? Naandika "haikuthibitishwa", naacha kura kama zilivyohesabiwa, naongeza mstari wa Septemba 2019. Nimeona majedwali mengi yanamuweka Harris kama mbunge wa kipindi hicho, hakukaa kwenye kiti hicho hata siku moja. Baadaye 2024 alichaguliwa lakini kwa wilaya ya 8, ndo hapo wengi wanazidi kuchanganya.

Kwa hiyo MIT peke yake haitoshi, na wala wao hawadai inatosha. Mi nafanya hivi: naanza na data yao kupata picha, halafu kila wilaya ninayoiandika nahakikisha kwa kitabu cha takwimu cha Karani wa Bunge la Wawakilishi, ambacho kinatoka baada ya kila uchaguzi tangu 1920, na wakitofautiana naenda kwa matokeo yaliyothibitishwa ya jimbo. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho nayo ina kitabu chake cha kila miaka miwili tangu 1982, kizuri kwa sababu kinaweka kura za mchujo pia. Namba zikitofautiana kwa kura chache mara nyingi ni marekebisho yaliyokuja baada ya kuchapishwa au kura za majina ya mkono, na hapo naandika chanzo gani nimefuata na tarehe ya toleo.

Wanaotaka zamani zaidi, kabla ya 1976, kuna kazi ya Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, mipaka ya wilaya kuanzia Kongresi ya kwanza ya 1789, iliyojengwa juu ya atlasi ya mwanajiografia Kenneth Martis. Hiyo naipa nyota tano bila kusita. Huko nyuma unakutana na mambo ambayo leo hayawezekani, mwaka 1932 Missouri ilishindwa kuchora wilaya ikachagua wabunge wote 13 kwa jimbo zima, na Virginia, Kentucky na Minnesota nazo hivyo hivyo wabunge tisa tisa. Alabama ikafanya hivyo 1962 kwa wote wanane. Na wilaya zilikuwa hazilingani hata kidogo, Georgia wilaya ya 5 ilikuwa na watu 823,680 wakati ya 9 ina 272,154, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders mwaka 1964 kwamba wilaya ziwe na watu sawa kadri inavyowezekana. Ukiandika matokeo ya kabla ya hapo weka na idadi ya watu, bila hiyo kura 60,000 hazielezeki.

Jambo la mwisho kuhusu matokeo, na hapa nataka wanaotengeneza ramani za kisiasa wanisikie vizuri. Kura za rais kwa wilaya. Majimbo mawili tu, Maine na Nebraska, yanagawa wajumbe wanaomchagua rais kwa wilaya za Kongresi, kwa hiyo huko zipo rasmi. Kwingine nyingi ni hesabu ya watu wanaochukua kura za vituo na kuzijumlisha, na kituo kikikatwa na mpaka lazima kigawanywe kwa makadirio, na kura za posta zikiripotiwa kwa kaunti nzima nazo zinagawanywa kwa makadirio. Ni kazi halali, Dave's Redistricting App, tovuti ya kuchora na kuchunguza ramani za wilaya, wanaifanya vizuri na ni bure, naitumia kila mara. Ila pale wanapokuonyesha kura za 2020 ndani ya mipaka ya 2022, hizo kura hazikupigwa na wilaya hiyo, wilaya hiyo haikuwepo. Ukinakili namba hiyo nakili na maelezo yake, "2020 kwa mipaka ya 2022". Ukiyaacha maelezo nyuma umetengeneza uchaguzi ambao haukufanyika.

Nililipia pia huduma moja ya ramani za wilaya, sitaitaja, inapendeza kwa macho, unaandika anwani inakuletea mbunge na historia ya matokeo tangu zamani kwa mchoro mmoja mzuri. Lakini mchoro unafuata namba, haufuati mipaka. Iowa ilinionyesha kura sita kwenye wilaya ya Hinson. Niliwaandikia, wakajibu kwa heshima kwamba watalifanyia kazi, na nilipoangalia tena lilikuwa vile vile, nikaacha kulipa. Ndo maana nasema bora faili mbichi yenye namba ya Kongresi kuliko ukurasa mzuri usio na tarehe.

Nani atumie? Kama unataka tu kujua mbunge wa shangazi yako huhitaji haya yote, tovuti ya Bunge la Wawakilishi ina sehemu ya kuweka zip code, yaani namba ya posta, inamaliza. Mwandishi wa habari, mwanafunzi, mtu anayeandaa watu wakapige kura, au yeyote anayeandika rekodi itakayosomwa miaka 10 baadaye, chukua hizi, jifunze QGIS kidogo, vumilia.

Na kwa wanaodaunlodi sasa hivi muwe macho zaidi ya kawaida. Cd119 ni mipaka ya uchaguzi wa 2024, ambapo tayari Alabama, Georgia, Louisiana, New York na North Carolina zilikuwa tofauti na 2022. Agosti 2025 Texas ikachora ramani mpya katikati ya muongo, Novemba 2025 wapiga kura wa California wakapitisha kwa kura ya maoni Proposition 50 na ramani yao mpya, na North Carolina nimeshaitaja. Kwa hiyo wabunge waliopo wanawakilisha mipaka ya cd119 hadi Januari 2027, lakini wagombea wa 2026 kwenye majimbo hayo wanagombea mipaka mingine. Kwenye kurasa zangu za Texas na California nimeweka ramani mbili kwa kila wilaya, moja imeandikwa "ya mbunge wa sasa" na nyingine "ya uchaguzi wa Novemba 2026", na matokeo ya 2024 yako chini ya ile ya kwanza tu.